Kwa Zaituni, Kuhusu Ule Ubao

Zaituni mwanangu,

Amani ikutangulie huko Moroto kabla hujafika, na ikupokee mizigo. Umekwenda ng'ambo ya mpaka kusukwa, na mimi nimeachiwa nyumba kwa saa chache, kwa hiyo naandika sasa kabla hujarudi na nywele zako na maneno yako. Habari za chandarua, dawa ya tumbo na kutoazima watu sufuria sitazigusa. Wewe ni mkunga mwenye cheti. Mkunga asiyejua kuchemsha maji yake ya kunywa, barua ya mama yake itamsaidia nini?

Nataka kujibu ulilonambia Jumanne. Ulikuwa umesimama jikoni na mwiko mkononi ukasema, "Mama, si usaini tu? Ni karatasi moja. Mimi ndiyo naanza kazi, na jina letu ni moja. Watasema huyu ndiye mtoto wa yule mama wa ubao." Nikaendelea kuchambua mchele. Ulidhani nimenuna. Nilikuwa nimenuna kweli, ila si kwa ajili yako.

Unajua kamati ya hospitali imeniita kesho saa tatu asubuhi. Barua ya kuomba radhi wameshaniandikia wenyewe, kwa wema wao, wakaacha nafasi ya sahihi yangu chini. Naomba radhi eti kwa kutundika ubao kwenye mlango wa wodi ya wazazi, ubao unaomwambia kila anayeingia zamu ile ina wakunga wangapi. Nisiposaini wananitoa kazini. Nimebakiza miaka michache nistaafu, na mtu mwenye akili zake angesaini. Mimi sisaini. Sababu una haki ya kuijua kabla ya kamati, maana wewe ulikuwemo ndani yake bila kujua.

Unaikumbuka ile Jumapili ya kwanza ya wazazi kutembelea shule yenu Tororo? Ulikuwa umeanza sekondari, sweta limekumeza hadi magotini, na wiki nzima ulikuwa umemtuma kila aliyekuja Busia aniambie usiponiona utatoroka. Nikaja na chapati, kuku wa kukaanga na soda mbili. Siku hiyo umeisimulia mpaka kwa wageni, jinsi mama alivyoacha kazi akaja, jinsi ulivyoniona getini ukakimbia mpaka kiatu kikakuvuka. Kila ukiisimulia mimi huinuka nikatafuta kitu cha kufanya. Umewahi kujiuliza kwa nini?

Jumapili ile nilikuwa zamu ya asubuhi, peke yangu. Kwenye orodha tulikuwa wawili, lakini mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi na hakuna aliyewekwa mahali pake. Cheka ukipenda, mimi nimeshacheka. Daktari wa upasuaji hakuwepo, na mtu wa nusukaputi alikuwa na desturi ya kwenda kwao Jumamosi akarudi Jumatatu, kana kwamba matumbo ya wanawake nayo yanakwenda kwao Jumamosi.

Saa nne asubuhi aliingia binti mmoja kutoka kijiji cha Masaba, anaitwa Nabwire, na mama mkwe wake, Bibi Taaka, amembebea beseni na kanga. Saa nne, Zaituni. Jua lilikuwa halijachoma. Alikuja mapema kama tunavyowahubiria kila siku, na kadi yake ya kliniki imejaa, hakukosa hata mara moja. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri. Saa saba njia ilikuwa imefunguka sentimita saba, moyo wa mtoto unapiga sawasawa, mama anatembea ukumbini ameshika ukuta. Akaniuliza, kwa jina wanalomwita kila mhudumu wa hospitali, "Musawo, leo muko wangapi hapa?"

Nikamwambia, "Tuko wawili, usijali."

Alinishukuru.

Sasa nikueleze desturi yetu, maana utaikuta huko uendako, itakuwa imevaa nguo nyingine tu. Hospitali iko upande wa Uganda, na wengi wetu tulikaa upande wa Kenya, au mtu ana mume huko, au mtoto anasoma huko. Kuvuka mpaka kunakula muda, foleni za malori unazijua. Kwa hiyo tulikuwa tukihurumiana. Anayetoka hamsubiri anayeingia. Anapigiwa simu, "Nimeshavuka," basi anamsainia mwenzake kitabu cha mahudhurio, anaondoka. Kesho yake na yeye anafanyiwa hivyo. Tuliita hiyo kusaidiana, na sitakudanganya, ilikuwa kusaidiana. Mkubwa kule juu hakutupa mtu wa tatu, tukapeana sisi kwa sisi dakika tulizokuwa nazo. Ubaya wake ni kwamba dakika zenyewe hazikuwa zetu.

Saa nane kasoro Roselyne akapiga simu. "Hadija, nimeshavuka, niko hapa tu, nipe dakika tano. Enda, mtoto atakuwa anakungoja." Nilijua dakika tano za kwetu ni ngapi. Mtu akisema yuko njiani, anatafuta viatu. Najua hivyo tangu utoto, na wewe unajua. Lakini gari la Tororo lilikuwa linapiga honi nje na kuku alikuwa kwenye mkoba bado wa moto. Nikasaini jina lake chini ya jina langu. Nikamwambia Mama Sabina, yule mfagiaji wetu, aangalie wodi kidogo. Nikaenda.

Roselyne hakuwa amevuka. Alikuwa kitandani kwake. Usiku wa kuamkia siku hiyo alifanya kazi zamu nzima badala ya mtu aliyeugua malaria, akatoka saa tatu asubuhi, na jina lake likawa limepangwa tena saa nane mchana. Alinipigia macho yamefumba, akasema alichosema, akalala tena. Watu wanataka nimtupie jiwe Roselyne. Sitamtupia. Mwambie aliyepanga orodha ile aanze yeye, tena achague jiwe kubwa.

Nabwire alijifungua kabla ya saa tisa, mikononi mwa mama mkwe na mfagiaji. Mtoto wa kike, mzima, akalia vizuri. Halafu damu ikaanza kutoka na haikukoma. Wewe unajua dawa yake, umefundishwa mwaka wa kwanza, ni sindano moja pajani ili mji wa mimba ukaze. Sindano ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kabati, hatua sita kutoka kitandani. Mama Sabina alikimbia hadi wodi ya wanaume kutafuta muuguzi, akamkuta mmoja na wagonjwa wake wote, akaja naye, na kabati limefungwa.

Ufunguo kwetu haukai mezani. Unapita mkono kwa mkono, anayetoka anampa anayeingia. Mimi sikuwa na mkono wa kuupa.

Nilikuwa nimekaa na wewe kwenye majani pale nyuma ya bweni. Nikaingiza mkono mfukoni nitafute leso nikufute mafuta kidevuni, nikagusa chuma. Nilijua palepale ni nini. Nikampigia Roselyne, simu haikupokelewa, nikajiambia ana glavu mikononi. Nikajiambia kabati ni la mbao, watalivunja. Nikaurudisha ufunguo mfukoni, nikakaa nusu saa nzima nikikutazama unakula. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Kuondoka mapema wanaondoka wengi, na kusahau anasahau kila mtu. Mimi nilikumbuka, nikakaa.

Walilivunja kweli, kwa jiwe la kuegeshea mlango, Roselyne alipofika saa kumi; kabla yake hakuna aliyethubutu. Alimdunga. Damu ilikuwa imebaki kidogo mno, na hapakuwa na mtu wa kumpasua wala wa kumpa nusukaputi. Nabwire alikufa kabla ya saa kumi na moja. Kulikuwa bado mchana mweupe, Zaituni, watu wanauza ndizi nje ya geti.

Usijibebeshe. Nakufahamu, sasa hivi unatafuta mahali pa kujilaumu. Ulikuwa mtoto aliyemtaka mama yake, hiyo ni haki ya kila mtoto. Hata mtoto wa Nabwire.

Jumatatu asubuhi mkubwa wetu akatuita mimi na Roselyne. Hakupiga kelele, angepiga ningemheshimu. Akasema, "Tufunike kombe mwanaharamu apite." Akatupa chati mpya ya uchungu, safi, akasema nijaze. Nikajaza. Kila nusu saa nikaweka kidoti cha moyo wa mtoto, kuanzia saa nane hadi alipozaliwa, vidoti vizuri vilivyopangana, vya moyo ambao hakuna sikio lililousikiliza. Mwalimu wangu wa ukunga angenipa alama zote. Halafu kwenye ripoti ikaandikwa kwamba mgonjwa alifika akiwa amechelewa na alikuwa ametumia dawa za kienyeji. Nikasaini hiyo pia. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda miaka saba.

Mwaka wa saba nilitumwa Masaba kwa chanjo za watoto. Tukamaliza, wanawake wakatuandalia chakula, kila mmoja akaleta bakuli lake. Mama mmoja mzee akaja na kunde zake zimeungwa vizuri kwa simsim, akaziweka mkekani, na hakuna hata mkono mmoja uliozigusa. Bakuli likakaa pale kama halipo. Nikamuuliza aliyekaa karibu nami. Akaninong'oneza, "Huyo hatukuli kwake, musawo. Aliwekea mke ya mtoto yake dawa, akafa hospitali. Basawo wenyewe waliandika."

Basawo wenyewe waliandika. Mimi ndiye basawo wenyewe.

Nilimfuata mpaka kwake. Msichana wa miaka saba alikuwa anachota maji, nikajua ni nani. Bibi Taaka akanisalimu, "Mulembe," akanipa kigoda, na mimi nikamwambia yote nikiwa nimesimama, ufunguo, kitabu, chati, ripoti. Nililia. Nilitaka aniwekee mkono begani, ndiyo ukweli wenyewe. Nilikwenda pale nikapate usingizi wangu.

Hakuniwekea mkono. Alisubiri nimalize kulia, akasema, "Hiyo unaambia mimi ya nini? Mimi najua. Mimi nilikuwa pale, nilishika mutoto na mikono yangu. Miaka saba Wandera hakuli kwangu, na ni mutoto nimezaa. Wewe nenda ambia bale hawajui."

Sijawahi kuambiwa neno la haki zaidi ya hilo, na lilinikasirisha. Nilirudi Busia nimekasirika wiki nzima. Nikajitetea mbele ya kioo. Mimi nina mtoto chuoni, nikasema, mimi sikupanga orodha, mimi ni mdogo. Yote kweli. Lakini kila nikifika mwisho wa kujitetea nilikuwa naliona lile bakuli la kunde.

Mwezi uliofuata palikuwa na mazishi ya mzee wao mmoja, watu wamejaa. Nikamwomba msimamizi kipaza sauti, akadhani nataka kuzungumzia kliniki. Nikasema jina langu na kazi yangu. Nikasema Nabwire alifika saa nne asubuhi. Nikasema hakunywa kitu zaidi ya chai ya hospitali. Nikasema aliachwa peke yake na mimi nikiwa na ufunguo Tororo, na kwamba niliyoandika niliyaandika kujificha. Mtu akapiga kelele, "Huyu musawo anasema nini kwa kilio ya watu?" Bibi Taaka, kutoka kule nyuma walikomweka, akajibu, "Wacha aseme." Wandera akaja mpaka mbele akanitemea mate miguuni. Sikupangusa. Alikuwa na haki, na nilikuwa na viatu.

Baadaye nilisikia alikwenda kwa mama yake akakaa jikoni akaomba chakula. Sikuwepo, kwa hiyo sikusimulii.

Mficha uchi hazai, Zaituni. Methali hiyo sisi wakunga tunawaambia wengine waliolala kitandani, tukiwavua nguo. Nikaona zamu yetu ya kuvuliwa imefika. Nikamwomba fundi wa madawati kipande cha ubao mweusi, nikautundika mlangoni. Siku ya kwanza niliandika hivi: Leo Jumapili mchana. Wakunga: mmoja. Daktari wa upasuaji: hayupo. Mtu wa nusukaputi: atarudi Jumatatu. Akina mama waliolazwa: wanane.

Wameutoa mara nne. Mara ya kwanza waliuficha stoo, ya pili waliupaka rangi nyeupe, nikanunua makaa, makaa yanaandika vizuri sana kwenye nyeupe. Mkubwa akaniambia ninawaogopesha wagonjwa. Nikamwambia ubao hauogopeshi mtu, kinachoogopesha ni kilichoandikwa juu yake, na chaki hiyo unayo wewe mkubwa, badilisha moja iwe tatu nami nitaandika tatu kwa herufi kubwa.

Na unajua walichofanya wale wanaodhaniwa wataogopa? Walisoma. Mwanamke aliyewahi kuzaa kwa kupasuliwa alisoma saa tatu asubuhi, akamwambia mumewe watafute gari la Tororo mapema kukiwa na jua, wala asisubiri aambiwe jioni maji yameshazidi unga. Amejifungua huko salama. Wakwe walisoma. Mzee mmoja wa Masaba alisoma, akaenda kwa diwani, diwani akaja mwenyewe kuangalia kama ni kweli, akakuta ni kweli. Sasa Jumapili mchana tuna wakunga wawili, wawili wa nyama na damu. Ni Jumapili tu, siku nyingine bado tunabahatisha. Lakini hao wawili hawakuletwa na barua zangu kumi na mbili za heshima na taadhima. Waliletwa na makaa.

Na sheria yangu mimi ni moja. Siondoki mpaka mwenzangu asimame mbele yangu nimwone, nimpe ufunguo mkononi, tupite pamoja kitanda kwa kitanda. Wamenichukia kwa hilo, wale wadogo hasa. Wananiita Bi Zege, eti nikishamwagwa mahali siondoki. Jina zuri. Nimekosa arusi mbili na msiba mmoja wa dada yangu wa damu, na huo msiba unaniuma hadi leo, sikufichi. Ukweli nao una gharama zake, na anayekwambia hauna hajawahi kuusema.

Sikwambii ufanye kama mimi. Mimi nilijifunza kwa damu ya mtu mwingine, ni njia mbaya ya kujifunza, na sina ujasiri wa kukuhubiria. Labda huko utapata wakubwa wema. Labda utakuwa na akili kuliko mimi, utapata njia isiyo na kelele. Lakini wiki ya kwanza tu, mwenzako mwema, mchovu, mwenye mtoto mgonjwa, aliyekukaribisha chai, atakusogezea kitabu akuombe umsainie. Hatakuwa shetani. Atakuwa Roselyne. Ungekuwa unamkatalia shetani ningekuachia mwenyewe, si kazi ngumu. Ndiyo maana nakuandikia.

Jumanne uliniuliza jambo jingine pale jikoni, kwa sauti ndogo, ukidhani sikusikia. Ulisema, "Kwani huo ubao una thamani kunishinda mimi?" Nilisikia. Limenikaa kifuani siku zote hizi.

Zaituni, nimekuona unavyoacha chai asubuhi. Nimekuona unavyoshika kiuno ukiinuka. Nimekuwa mkunga kabla wewe hujazaliwa, unadhani unanificha nini? Utaniambia ukiwa tayari, na mume wako nimeridhika naye. Lakini hesabu nimeshafanya, na miezi sita ijayo utakuwa Moroto, umelala upande wa pili wa kile kitanda, na mimi niko mbali, siwezi kufika kabla ya kesho yake. Uchungu hautachagua siku. Huenda ikawa Jumapili. Huenda ikawa saa nane mchana, mmoja anatoka na mwingine anasema ameshavuka. Utakuwa unamtazama mkunga asiyenijua, asiyenidai kitu, na utamuuliza mko wangapi, na maisha yako yatakuwa kwenye jibu lake. Nataka siku hiyo kuwe na mtu pale aliyesikia habari za mkunga mmoja mzee wa Busia aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya ubao, akaona aibu kukudanganya.

Basi ndiyo jibu langu. Hapana, ubao hauna thamani kukushinda. Ni kwa ajili yako siutoi.

Kesho saa tatu basi lako litakuwa limeshapita Mbale. Usinipigie kuniuliza kama nimesaini. Wewe nenda kazini mwanangu, mimi nakwenda kukataa.

Mama yako,
Hadija